Deni Lisiloandikwa Daftarini

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika karatasi zetu hizi niseme yaliyo moyoni mwangu juu ya shauri lililotugawa katika mkutano wetu uliopita pale Mikumi, tulipokutana wanachama wa Kilosa na wa Mikumi kama ilivyo desturi yetu. Waliokuwapo wanalijua, wasiokuwapo nitawasimulia kwa ufupi, nisiongeze wala nisipunguze.

Mwanachama mmoja alileta shauri kwamba kila atakaye miongoni mwetu atoe shilingi 1,000 kila mwezi, kwa hiari yake, fedha hizo ziandikwe katika daftari la peke yake, kisha zipelekwe kuwasaidia watu wa Sudani wanaojitolea kuwapikia majirani zao tangu vita vya nchi ile vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023. Shauri halikufika hata kupigiwa kura. Bwana mmoja aliye mkubwa wetu kwa umri na kwa kazi, nami namheshimu kwa yote mawili, alisimama akasema maneno manne tu: "Mambo ya watu hayatuhusu." Ukumbi ukacheka, mwenyekiti akafunga kitabu chake, tukaenda kunywa chai.

Nami niliinywa chai ile pamoja nao wala sikutoa neno, na hilo ndilo kosa langu. Karani huzoea kunyamaza mbele ya mkubwa wake, na mazoea hayo humfuata hata mahali ambapo wote ni sawa kwa ada na kwa kura. Basi lile nililoshindwa kulisema kwa ulimi naliandika kwa kalamu. Nasema kwamba maneno yale manne si kweli, tena yakitoka kinywani mwa mtu wa Kilosa au wa Mikumi si kweli zaidi kuliko yakitoka kwa mtu wa mahali pengine po pote.

Kwanza yafaa tujue ni watu gani tunaowasema. Wengine walidhani shauri lile ni la kuwapa sadaka wenye njaa, basi. La, hasha. Watu hawa hawakuanza na sufuria. Walianza na kudai haki. Katika Desemba 2018 wananchi wa Sudani waliingia barabarani kwa sababu ya bei ya mkate, na kwa sababu walikuwa wametawaliwa na mtu mmoja, Omar al-Bashir, tangu mwaka 1989. Katika mitaa vijana wa kiume na wa kike waliunda kamati zao, wasio na mshahara wala cheo, nao ndio waliowapanga watu mpaka Bashir akaondolewa tarehe 11 Aprili 2019. Wanajeshi walipotwaa serikali tarehe 25 Oktoba 2021, kamati zile zile zilitoka tena barabarani mikono mitupu, na wengi wakauawa. Kisha jeshi na kikosi cha RSF wakapigana wao kwa wao, na huduma za serikali zikatoweka katika mitaa ya Khartoum. Hapo wale vijana wa kamati, pamoja na wenzao wengi, wakafungua walichokiita vyumba vya dharura: wakapika chakula katika majiko ya mtaa, wakatafuta maji, wakawahamisha wagonjwa, wakafungua zahanati kwa dawa walizozipata kwa mchango.

Basi anayetia kuni katika jiko lile anasaidia jambo zaidi ya kushibisha matumbo. Anawaweka hai watu waliotaka kuitawala nchi yao kwa kura, ili vita vitakapokwisha pawepo mtu wa kusema kwa niaba ya mtaa, asibaki mwenye bunduki peke yake. Ndiyo maana nasema shauri lile lilikuwa la demokrasia na la haki za watu, ingawa lilikuja limevaa nguo za jikoni.

Sasa na tutazame hapa tulipo. Simama Kilosa mjini ukaelekee mashariki. Utapita Rudewa na Dumila, halafu utafika Dakawa. Hapo serikali yetu iliwapa ardhi mwaka 1982 watu wa chama cha ANC, waliokimbia ubaguzi wa rangi wa Afrika ya Kusini. Endelea mpaka Morogoro, uende Mazimbu, palipokuwa zamani shamba la mkonge. Hapo ndipo walipojenga chuo wakakiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Watoto waliotoroka kwao baada ya mauaji ya Soweto ya mwaka 1976 walipata kitabu na kitanda hapo, na wengine walipata kaburi, kwa kuwa hawakuishi hata kuiona nchi yao ikiwa huru. Mwaka 1992 majengo yale yalikabidhiwa kwetu, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Wapo watoto wa wanachama wetu waliosoma ndani ya kuta zile bila kuuliza ni nani aliyezijenga. Ardhi ilikuwa yetu. Mikono ilikuwa ya wakimbizi wenyewe na ya mafundi wetu. Na sehemu kubwa ya fedha na vifaa ilitoka kwa serikali na vyama vya kujitolea vya Uswidi, Norwei, Denmark, Uholanzi na nchi nyinginezo. Katika vyama vile walikuwamo walimu wa shule, watu wa makanisa, wanafunzi na wafanyakazi, ambao wengi wao hawakuiona Mazimbu kwa macho.

Geuka sasa magharibi. Utapita Gairo, iliyokuwa katika wilaya yetu hii kabla haijafanywa wilaya ya peke yake, nawe utaingia Kongwa. Kila karani mzee amesikia habari za Kongwa, jinsi Waingereza walivyozika fedha zao katika karanga tangu mwaka 1947 mpaka wakakata tamaa mwaka 1951. Walakini pale pale ziliposhindwa karanga paliota jambo jingine. Tangu mwaka 1964 Kongwa ilikuwa kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Namibia, Zimbabwe na Afrika ya Kusini. Wenyeji wa pale waliuziana nao kuku, waliozeshana nao, na walizikana.

Geuka kusini, uje Mikumi, hapo hapo tulipokunywa chai yetu. Barabara ile kuu ipitayo katikati ya mbuga ina habari yake. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi wa Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikatiwa mafuta, kwa kuwa mafuta yake yalipitia huko. Ndipo malori yakapakia mapipa ya petroli Dar es Salaam yakapita Mikumi kwenda Zambia, usiku na mchana, masika na kiangazi, katika njia mbovu iliyowaua watu wengi hata Waingereza wakaipa jina la njia ya jahanamu. Hali iliendelea hivyo mpaka bomba la mafuta lilipofika Ndola mwaka 1968, nalo ni bomba la zaidi ya kilometa 1,700. Wazambia wangaliweza kumpigia Smith magoti wakapata mafuta yao kwa raha. Hawakupiga magoti, nasi hatukuwaacha.

Basi namwuliza bwana yule kwa adabu: katika hayo yote, ni lipi lililokuwa jambo letu kwa hesabu yake? Watoto wa Soweto hawakuwa wetu. Petroli ya Zambia haikuwa yetu. Vijiji vyetu vya kusini karibu na Ruvuma vilipigwa mabomu na Wareno kwa sababu ya uhuru wa Msumbiji, nao uhuru huo haukuwa wetu. Kama mambo ya watu hayatuhusu, basi baba zetu walikuwa wajinga wote, na makaburi ya Mazimbu yamechimbwa katika ardhi isiyohusika.

Najua atajibu kwamba hayo yalikuwa mambo ya serikali na ya wakubwa, na ya kwamba mtu mdogo mwenye mshahara mdogo hana sehemu yake. Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wanisikilize zaidi, kwa kuwa jambo hili halikuanzishwa na serikali. Tarehe 26 Juni 1959 watu walikutana katika ukumbi mmoja London kuwaomba Waingereza wasinunue matunda na bidhaa nyingine za Afrika ya Kusini. Mmoja wa wasemaji alikuwa Julius Nyerere. Tafadhali angalieni tarehe. Tanganyika ilikuwa bado chini ya gavana. Uhuru wetu ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Mtu wetu alikuwa na shida zake tele, hana nchi mkononi, naye akasimama kuwasemea wengine. Hakungoja kwanza sisi tushibe.

Wala wale wa London hawakujitungia tu neno la kususia kwa kupenda makelele. Waliotaka bidhaa zisusiwe ni Waafrika Kusini wenyewe, akiwamo Albert Luthuli, mkuu wa ANC. Tarehe 21 Machi 1960 polisi wa Sharpeville waliwapiga risasi watu 69 wakafa, na chama kile cha kususia kikawa chama kikubwa cha kupinga ubaguzi wa rangi. Kilifanya kazi kwa zaidi ya miaka 30, kwa ada za wanachama na barua na kusimama mlangoni mwa maduka katika mvua. Na watu wa Afrika ya Kusini walipopiga kura mwaka 1994 kikafunga kazi yake, kwa kuwa shauri lililokileta lilikuwa limetimia. Nakisifu kwa kuanza, lakini nakisifu zaidi kwa kujua siku ya kufunga daftari. Vyama vingi vya siku hizi havijui.

Mnataka mfano wa mtu mdogo? Katika Julai 1984, katika duka la Dunnes Stores mjini Dublin, nchi ya Ayalandi, binti mmoja jina lake Mary Manning, umri wake miaka 21, mwenye kazi ya kupokea fedha za wanunuzi, alikataa kuuza mabalungi yaliyotoka Afrika ya Kusini, kwa kuwa chama chake cha wafanyakazi kilikuwa kimeagiza hivyo. Akasimamishwa kazi. Wenzake wachache wakatoka pamoja naye wakagoma. Yeye mwenyewe amesema kwamba hapo mwanzo hakujua mengi juu ya ubaguzi wa rangi. Alijifunza akiwa amesimama barabarani. Walisimama hivyo karibu miaka mitatu kwa fedha kidogo za mgomo, mpaka mwaka 1987 serikali yao ilipopiga marufuku matunda na mboga za Afrika ya Kusini. Huyo hakuwa waziri wala tajiri. Alikaa mezani akipokea fedha na kutoa risiti. Ni mwenzetu kabisa.

Nasi pia tumepata kufanyiwa hivyo. Mwaka 1951 Wameru walipohamishwa kwa nguvu katika ardhi yao, walichanga fedha wao kwa wao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York kutoa malalamiko yao. Hawakurudishiwa ardhi siku ile. Lakini kilio kilichokuwa cha kijiji kilisikika duniani, nacho kikawafungua macho watu wengi wa Tanganyika. Katika miaka ile ile palikuwa na ofisi ndogo ya chama cha Fabian mjini London, iliyoanzishwa mwaka 1940, iliyozoea kupokea barua kutoka makoloni na kuwapa wabunge wa Uingereza wakaziulizie Bungeni. Barua hizo nyingi ziliandikwa na nani? Ziliandikwa na walimu na makarani. Bibi au bwana aliyezipokea huko hakutujua, naye angaliweza kusema kwamba mambo ya watu hayamhusu, akazitia katika kapu la taka.

Sasa nije kwenye hoja zilizosemwa baada ya mkutano, wakati wa chai, kwa kuwa baadhi yake zina uzito.

Hoja ya kwanza: tusaidie kwanza wa nyumbani. Nakubali neno hilo, lakini nataka tulikumbuke lote. Mwishoni mwa Desemba 2009 mto Mkondoa ulijaa ukavunja kingo zake, na mpaka Januari 2010 sehemu kubwa ya mji wetu wa Kilosa ilikuwa chini ya maji, na reli imekatika. Mimi nilikuwa kijana, nimerudi nyumbani kutoka shule ya misheni. Mama yangu alilala katika hema. Blanketi alilopewa lilikuwa na alama iliyochapishwa, nami nikaisoma kwa kuwa nilikuwa na mazoea ya kusoma kila kitu: lilikuwa limetoka ng'ambo, kwa watu ambao hawakujua kama Kilosa ni mji au ni jina la samaki. Blanketi lile tunalo hata leo. Tena katika mstari ule wa kupokea mablanketi, mbele yetu kwa watu watatu au wanne, alisimama bwana yule yule wa maneno manne. Simtaji kwa kumwaibisha, kwani hakuna aibu kupokea wakati wa shida. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nasema tu kwamba siku ile hakuna aliyemwambia kuwa mambo yake hayawahusu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na mtu akiisha kufaliwa asijifanye kwamba hajui maana ya dhiki.

Tena huyo asemaye tusaidie wa nyumbani, na aonyeshe daftari la nyumbani. Nimetazama hesabu za chama chetu: waliojitokeza kwa ajili ya majirani waliobomokewa na nyumba ni wale wale waliounga mkono shauri la Sudani. Aliyezoea kutoa hutoa pote. Mwenye kusema "nyumbani kwanza" mara nyingi humaanisha "mfukoni kwanza".

Hoja ya pili ndiyo nzito, nami nilikosa usingizi kwa ajili yake. Kijana mmoja wa Mikumi alisema: "Tuliwasaidia Waafrika Kusini, nao wametulipa nini?" Akakumbusha Mei 2008, watu zaidi ya 60 walipouawa katika mitaa ya Afrika ya Kusini, wengi wao kwa kosa la kuwa wageni kutoka nchi za Kiafrika, na mwaka 2015, na mwaka 2019, mambo yale yakarudi. Maduka ya wageni yalichomwa. Ndugu zetu walirudi na mfuko mmoja mkononi. Hoja hii siwezi kuicheka, wala sipendi wale wanaoifunika kwa maneno matamu juu ya undugu wa Kiafrika.

Majibu yangu ni mawili. La kwanza: baba zetu hawakukopesha, walitoa. Mkopo huwa na hati, na riba, na siku ya kulipa; msaada wa haki hauna hati. Kama tuliwapokea watoto wa Soweto ili siku moja watupe kazi Johannesburg, basi ilikuwa biashara, na biashara huweza kupata hasara. Lakini tuliwapokea kwa sababu mtoto alipigwa risasi akiwa amevaa sare ya shule, na jambo lile lilikuwa baya siku ile, nalo ni baya hata leo, hata kama mmoja wa wenzake aliyepona angekuwa jambazi baadaye. Wema hauozi kwa ubaya wa aliyetendewa. La pili: mwaka 2008 hawakuwapo wachomaji peke yao. Walikuwapo pia Waafrika Kusini waliofungua makanisa na kumbi, wakapika, wakalinda milango, wakakesha na wageni. Nao walikuwa watu wa vikundi vya kujitolea, jamaa za wale tunaowazungumza sasa. Katika kila nchi wapo hao wawili, mchomaji na mfungua mlango. Kijana wangu wa Mikumi anaujua uovu wa mchomaji. Nami namwomba asimpe mchomaji ushindi wa pili kwa kumwacha mfungua mlango peke yake.

Hoja ya tatu: watumishi wa serikali wasijitie katika siasa. Hapo nasema kwa hadhari, maana mimi ni mtumishi na nazijua kanuni zetu, wala sitaki mwanachama ye yote azivunje. Muda wa kazi ni wa kazi. Bahasha ya serikali ni ya serikali. Na bendera ya chama cha siasa haina nafasi juu ya meza ya mtumishi wa umma. Lakini tusizitie kanuni maneno zisizoyasema. Kutoa shilingi 1,000 zangu baada ya kupokea mshahara wangu, zikanunue dengu za jiko la mtaa, si kumpigia mtu kampeni. Tena tukumbuke asili yetu. Mwaka 1922 Martin Kayamba, aliyekuwa karani, aliwakusanya watumishi wenzake wa Tanga, Wakristo na Waislamu, wakaunda chama cha watumishi Waafrika wa Tanganyika. Nacho ni babu wa vyama kama chetu. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake Waafrika kuwa wanachama wa vyama vya siasa, ikidhani itaikausha kalamu ya makarani. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai, TANU ikazaliwa. Wengine waliacha kazi wakaifuata. Wengine walibaki kazini wakatoa senti zao kimya kimya. Karani mwoga hatajwi katika habari hizo, ingawa bila shaka alikuwapo naye, akinywa chai.

Hoja ya nne: fedha zitaliwa. Hii ndiyo hoja pekee ninayoikubali tangu mwanzo mpaka mwisho, wala hatupaswi kumkasirikia mwenye kuisema. Miaka michache iliyopita tulichangishwa, sisi watumishi wa ofisi fulani, kwa ajili ya jambo jema kabisa. Tulikatwa, tukatia sahihi, tukapigwa picha. Mpaka leo sijaona karatasi ya hesabu. Sikulia kwa ajili ya fedha, maana zilikuwa kidogo. Nililia kwa kuwa tangu siku ile kila mtu ajaye na kopo la mchango namtazama kama mwizi, na huenda wengine kati yao walikuwa malaika. Mali bila daftari huisha bila habari, na imani ya watu huisha kabla ya mali.

Tena nitasema jambo litakalowaudhi hata walio upande wangu. Wapo watu wanaoipenda shida ya mbali kwa sababu ya sura yao wenyewe. Huvaa fulana yenye maandishi, husimama mbele ya picha, hupaza sauti juu ya nchi ambayo hawajauliza hata watu wake wanataka nini. Na shida mpya ikitokea kwingine huivua fulana ile na kuvaa nyingine. Wengine hupeleka nguo za baridi mahali pa joto, kisha hutaka kushukuriwa. Huko siko kushikana mikono. Ni kujitazama katika kioo. Wale wa London walifanya waliloombwa na watu wa Luthuli. Yule binti wa Dublin alitii agizo la wenzake akalipa gharama yake. Hiyo ndiyo njia: uliza kwanza, fanya kidogo, fanya kila mwezi, andika hesabu, usiondoke katikati.

Basi ili nisionekane mtu wa maneno matupu, naleta shauri lile upya kwa masharti haya:

1. Mchango uwe wa hiari, nao usikatwe katika mshahara wala usipitie ofisi yo yote ya serikali. Asiyetaka asiulizwe sababu.

2. Daftari liwe la peke yake, na watunzaji wawe wawili, mmoja wa Kilosa na mmoja wa Mikumi, wasio wa jamaa moja.

3. Hesabu ichapishwe katika karatasi hizi kila miezi mitatu: fedha zilizoingia, zilizotoka na zilizobaki. Ikikosekana mara moja, mchango usimame mpaka ionekane.

4. Fedha zisipelekwe kwanza. Ipelekwe kwanza barua, kwa Wasudani wenyewe wenye kuyasaidia majiko yale, kuwauliza wanahitaji nini na ni njia gani iliyo salama kwao na iliyo halali kwetu. Tusipopata jibu tunaloweza kulihakikisha, fedha zirudishwe kwa wenyewe, kila mtu na shilingi zake.

5. Siku majiko yale yatakapokuwa hayatuhitaji tena, tufunge daftari, tuandike chini yake neno "Limekwisha", na tusitafute sababu ya kuliendeleza ili mtu abaki mtunza fedha.

Masharti haya si makubwa. Ni kazi tunayoifanya kila siku kwa ajili ya wengine: kuandika, kujumlisha, kuweka barua mahali pake, kukumbuka. Watu hudhani ya kwamba haki za watu huletwa na wasemaji peke yao. Msemaji husema siku moja. Kisha huja mtu wa daftari, anayehakikisha kwamba lililosemwa Jumatatu limefanyika hata Ijumaa. Kazi hiyo ndiyo yetu, nasi tunaijua kuliko wengi.

Najua shilingi zetu hazitasimamisha vita vya Sudani. Wala fedha za wale wa ng'ambo hazikuuondoa ubaguzi wa rangi zenyewe. Ziliwapa watoto chaki na godoro, na watoto wakafanya yaliyobaki. Haba na haba hujaza kibaba, na anayengoja mpaka awe na gunia zima hufa na kibaba kitupu.

Mkutano ujao utakuwa Kilosa. Naomba shauri hili lipigiwe kura, nami nitasimama kulisema kwa mdomo wangu, ijapokuwa magoti yatatetemeka. Na bwana yetu wa maneno manne namwomba aje mapema, akae mbele, anijibu mbele ya watu kama ninavyomjibu hapa. Nikishindwa kwa hoja nitakubali, nami ndimi nitakayemnunulia chai. Lakini nisishindwe tena kwa kicheko.

Wasalaam, ndimi mwanachama mwenzenu,

MTU WA DAFTARI,
Kilosa.